Mkia wa kafe resa: upinde wa bolti, upinde wa kuchomelea, au fremu mpya ya nyuma?

Kabla hujaazima grinda, vua siti na madigadi ya nyuma, kisha tazama masikio ya shokapu, yaani vile vibati viwili vilivyochomelewa kwenye fremu ambavyo shokapu huning'inia. Uamuzi wote wa mkia unaanzia hapo. Kilicho mbele ya masikio kinabeba pikipiki yenyewe. Kilicho nyuma yake kinabeba abiria, keria na taa. Ukikata nyuma ya masikio, umepunguza mzigo. Ukikata mbele yake, au ukaligusa lile bomba la mshazari linaloshuka kutoka masikioni hadi karibu na vikanyagio, umeng'oa nguzo ya nyumba ukitarajia paa libaki.

Mtindo huu wa kafe resa, wenye siti fupi na mkia uliokatwa, ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokutana sehemu kama Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938. Zile zilikuwa pikipiki za mtu mmoja kwenye lami. Huku kwetu Boxer, TVS, Haojue au SanLG inatoka Mtwara mjini kwenye lami, inaacha njia kuu na kuingia mchanga wa Msimbati au udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde, na ikifika msimu wa korosho kuna mtu anataka kuipakia gunia. Kwa hiyo picha nzuri ya mtandaoni haitoshi kukuchagulia njia. Njia ziko tatu, na zinatofautiana sana kwa uimara, kwa kazi, na kwa uwezekano wa kurudi nyuma ukijuta.

Ya kwanza ni kutokata kitu: unatengeneza upinde, yaani bomba lililopindwa nusu duara linalofunga mwisho wa fremu chini ya siti, wenye miguu ya bati na kuufunga kwa bolti kwenye matundu ya keria na ya siti. Ya pili ni kukata mabomba ya siti nyuma ya masikio na kuchomelea upinde. Ya tatu ni kuondoa sehemu yote ya nyuma na kujenga nyingine.

Pima kwanza, kwa njia zote tatu

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupima nafasi ya tairi pikipiki ikiwa imesimama. Ikisimama, kila mkia unaonekana una nafasi. Vua shokapu moja, pima kutoka kitovu cha tundu la juu hadi kitovu cha tundu la chini. Tuseme ni mm 330. Pima ule mti wa chuma unaong'aa katikati ya springi, toa unene wa raba ya kuzuia kugonga. Tuseme inabaki mm 80. Sasa chukua vipande viwili vya flati ba, kila kimoja ukitoboe matundu yenye umbali wa mm 250 kati ya vitovu, uvifunge mahali pa shokapu zote mbili. Tairi limekaa sasa pale litakapofika ukiangukia shimo ukiwa na uzito wote. Kutoka juu ya tairi hadi kitu chochote kilicho juu yake, iwe bomba, kichwa cha bolti, waya au taa, acha angalau mm 30. Ukikosa hizo mm 30, upinde wako lazima uinuke kwa nyuma nyuzi 15 hadi 25 badala ya kwenda bapa.

Pili, pima bomba la fremu kwa vernia. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 zina mabomba ya siti ya kati ya mm 19 na 25 kwa nje. Unene wa ukuta huwezi kuuona kwa nje, hivyo toboa tundu dogo kwenye sehemu utakayoitupa, au subiri hadi ukate ncha. Kuna pikipiki ambazo nyuma yake si bomba la duara bali bati lililokunjwa. Hizo usiziwekee upinde wa kuchomelea. Njia ya bolti ndiyo yake.

Tatu, ning'iniza timazi kutoka mahali unapotaka mkia uishie. Mkia unaoishia sm 5 hadi 10 nyuma ya mstari wa ekseli ya nyuma hukaa vizuri machoni, na bado unaacha mahali pa taa na namba. Mfupi kuliko huo unalifanya tairi lionekane limeachwa peke yake.

Upinde wa bolti

Hii ndiyo njia tunayompa mtu yeyote ambaye pikipiki bado inamlisha. Unapinda bomba la mm 22 lenye ukuta wa mm 2, unachomelea miguu miwili ya bati la mm 4 lenye upana wa mm 30, na kila mguu unafuata ubavu wa bomba la fremu hadi kwenye matundu yaliyopo ya keria au siti. Kazi yote ya kuchomelea inafanyika mezani, mbali na tanki na nyaya. Ikifika Oktoba na kazi ya korosho imeanza, unafungua bolti nne, unarudisha keria na siti ndefu, na pikipiki iko kama ilivyotoka dukani.

Sharti lake ni bolti mbili kila upande, zilizoachana angalau sm 6. Bolti moja kila upande inageuka kuwa bawaba: mkia unapanda na kushuka, tundu linakuwa yai, na baada ya wiki chache unasikia mlio kila ukipita tuta. Tumia M8 zenye alama 8.8 kichwani, na nati zenye raba ya nailoni, ukikaza kwa Nm 22 hadi 25. Bolti zisizo na alama yoyote, zile za kupimiwa kwa kilo, zinafaa kwa geti.

Ubaya wake upo. Umeongeza kilo moja na kidogo ya chuma wakati wengine wanapunguza. Ncha za fremu ya zamani zinabaki, na kuzificha kunaifanya siti iwe nene au mkia ukae juu kidogo. Halafu kati ya mguu wa bati na fremu kuna mwanya mwembamba ambao maji ya chumvi hupenda kukaa. Paka rangi nyuso zote mbili zikauke kabisa, kisha weka grisi kidogo kabla ya kufunga.

Upinde wa kuchomelea

Hapa ndipo mkia unapata ule mstari mmoja ulionyooka kutoka chini ya tanki hadi nyuma, na tukubali kwamba hakuna njia nyingine inayoufikia kwa uzuri. Ni hapa pia ambapo mambo huharibika zaidi.

Tuanze na mzigo. Chukua abiria wa kilo 70 aliyekaa sm 20 nyuma ya masikio ya shokapu, na tukadirie kwamba shimo linazidisha uzito wake mara 3. Mabomba mawili ya mm 22 yenye ukuta wa mm 1.5 yanapata msukumo wa takriban megapaskali 440. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi karibu na 250. Ukitumia bomba la mm 25 lenye ukuta wa mm 2 unashuka hadi 267, bado hujavuka salama. Lakini umbali ukiwa sm 10 badala ya 20, bomba la kwanza linashuka hadi 220 na la pili hadi karibu 135. Kwa maneno mengine, upinde mtupu usio na bomba la kuusaidia kutoka chini ni wa dereva peke yake. Kama umeamua kuuchomelea, toa na vikanyagio vya abiria, ili mtu asije akapanda kwa sababu ameviona.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia pa kukata. Msukumo ni mkubwa karibu na masikio na unapungua kadiri unavyokwenda nyuma, kwa hiyo kiungo kisikae kwenye masikio. Acha kisiki cha mm 40 hadi 50 nyuma ya mshono wa masikio kabla ya kukata. Fundi anayekata sawasawa na masikio kwa sababu panaonekana pasafi anaweka mshono wake mpya juu ya joto la mshono wa zamani, mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote.

Kiungo chenyewe kisiwe bomba kwa bomba uso kwa uso. Weka kipande cha chuma ndani. Bomba la mm 22 lenye ukuta wa mm 1.5 lina tundu la mm 19, na chuma cha duara cha robo tatu inchi ni mm 19.05, hivyo kinahitaji kukerezwa au kupigwa msasa kidogo tu kiingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Nondo haifai: ina mbavu, na haikai sawa. Kata vipande viwili vya mm 80, mm 40 ziingie kwenye kisiki na mm 40 kwenye upinde. Kila upande wa kiungo toboa matundu mawili ya mm 7 kwenye bomba la nje, moja juu na moja chini, mm 20 kutoka kwenye mkato. Piga tupa kingo za mkato ziwe na mteremko, na ukiunganisha acha mwanya wa mm 2. Ukishashikiza na kupima, utajaza matundu manne kwanza, kisha utazungusha mshono kwenye mwanya, nao utashika bomba zote mbili na chuma cha ndani kwa pamoja.

Ukiruka kipande cha ndani, kinachotokea ni hiki: mshono hauvunjiki wenyewe. Ufa unaanza pembeni yake, mm 2 au 3 kando, pale bomba lilipolainishwa na joto. Unaanzia mahali ambapo jicho halifiki, na rangi inauficha mpaka siku mkia unapolala juu ya tairi.

Mpangilio wa kuchoma ni nukta nne za kushikiza, mbili kila upande, halafu pima. Chukua uzi kutoka kwenye shimo la ekseli ya swingiamu (ule mkono wa nyuma unaoshika tairi) hadi ncha ya upinde, kushoto na kulia. Tofauti isizidi mm 2. Ikizidi, kata nukta moja, sukuma, shikiza tena. Ndipo uchome vipande vifupi vya sm 2 kwa kubadilisha pande, ukiacha chuma kipoe chenyewe. Kumwagia maji ili kuharakisha kunaweza kuukakamaza mshono na kuuvuta mkia upande mmoja.

Na kabla ya cheche ya kwanza: tanki lote litoke na lipelekwe mbali, si kufunikwa na gunia la maji. Chomoa betri, chomoa CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi) na regileta. Klipu ya ethi ifungwe kwenye bomba lile lile unalochoma, sm chache tu kando. Ukiifunga kwenye injini, umeme unapita kwenye beringi ukielekea kwenye mshono na kuacha vidonda vidogo ambavyo utavisikia baadaye kama mvumo.

Mashine ipi ya kuchomelea

Mashine ya vijiti ndiyo iliyo kila mtaa, na inaweza kazi hii kwenye ukuta wa mm 2 kama fundi ana kijiti cha mm 2 cha E6013 na ameweka ampia 40 hadi 60. Kwenye ukuta wa mm 1.5 kwa kijiti cha mm 2.5 kilichozoea mageti, atatoboa, ataziba, atatoboa tena. Angalia pia umeme ukishuka nguvu katikati ya kazi: mshono unabaki umekaa juu kama nta ya mshumaa, haukuzama. Ukigonga nao unatoka mzima.

Migi, yaani mashine inayolisha waya yenyewe chini ya gesi ya kinga, yenye waya wa mm 0.8 ndiyo chaguo letu kwa upinde. Joto lake ni fupi, na fundi wa wastani anapata mshono unaolingana. Ila upepo wa kusi ukivuma kwenye karakana iliyo wazi, unaipeperusha gesi ya kinga na mshono unatoka na vitundu kama mkate. Zungushia mabati au ingieni ndani. Tigi, ya sindano ya tangsteni na gesi, ni bora kuliko zote kwa bomba jembamba, na kama kuna fundi anayeijua vizuri mlipe tu. Gesi ya asetilini inachoma bomba jembamba vizuri mikononi mwa mzee aliyeizoea, lakini inapasha eneo kubwa na kuivuta fremu, hivyo vipimo vya uzi virudiwe kila hatua.

Bomba na kulipinda

Bomba la maduka ya vifaa vya ujenzi huja kwa urefu wa mita 6 na hutajwa kwa geji. Geji 18 ni kama mm 1.2, iache. Geji 16 ni kama mm 1.6, geji 14 ni kama mm 2, chukua hiyo. Kama mabomba ya siti yameachana mm 200 kitovu kwa kitovu, nusu duara inakula mm 314, miguu mm 150 kila mmoja, na ongeza mm 50 kila upande za kukata: jumla ni kama mm 715. Bomba moja linatoa pinde 8, kwa hiyo nunueni kwa kushirikiana.

Bomba la maji lenye zinki linavutia kwa sababu halipati kutu haraka, lakini moshi mweupe wa zinki unaleta homa na baridi usiku wa siku hiyo hiyo. Kunywa maziwa hakuzuii. Kinachozuia ni kuisugua zinki yote hadi chuma kitupu sm 5 kutoka kwenye mshono, na kukaa upande unakotoka upepo.

Kupinda kwa mashine ya haidroliki ni rahisi. Pasipo mashine, mchanga unafanya kazi: jaza bomba, gonga hadi ushikamane, ziba kwa vigingi vya mbao, pasha hadi liwe jekundu, pinda kwenye kalibu. Hapa kuna hatari ya pwani. Mchanga wa ufukweni una unyevu na chumvi hata ukionekana mkavu. Unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, kigingi kinatoka kama risasi. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ukaange kwenye karai hadi usitoe mvuke tena, na usisimame mbele ya ncha za bomba. Nusu kipenyo cha mviringo kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba.

Kujenga nyuma yote upya

Hii ina maana katika hali mbili tu: fremu ya nyuma imeliwa na kutu au imepinda katika ajali, au pikipiki ina shokapu moja ya katikati kama Yamaha DT125, ambapo sehemu ya nyuma haina masikio na kazi yake ni kumbeba mpanda peke yake. Kwa pikipiki nzima ya shokapu mbili, kujenga upya ni kuondoa kazi ya kiwanda iliyo sahihi na kuweka ya kwako ambayo lazima uithibitishe.

Ukilazimika, usikate kitu kabla ya kuwa na kalibu ya kuishikilia: mabomba ya mraba ya mm 40 mezani, shafti moja ndefu ikipita kwenye tundu la swingiamu na nyingine ikipita kwenye masikio yote mawili. Masikio yasipokuwa kwenye mstari mmoja, shokapu moja inabeba zaidi na pikipiki inavuta upande. Kila pembe iwe pembetatu, bomba la mshazari lirudi pale lilipokuwa. Hesabu siku tatu hadi tano, wakati upinde wa kuchomelea ni siku moja na wa bolti ni nusu siku.

Yanayofuata mkia

Namba ya chesesi iko shingoni mwa fremu, kwa hiyo mkato wa nyuma hauigusi. Ukibadilisha rangi ya pikipiki, kadi yako ya usajili irekebishwe TRA. Taa ya nyuma na namba zibaki zinaonekana. Taa za LED ndani ya upinde zinapendeza, ila indiketa za LED zikiwekwa kwenye flasha ya zamani zinapepesa haraka mno. Badilisha flasha iwe ya elektroniki. Kila tundu la waya liwe na raba, la sivyo ukingo wa bomba utaumenya waya na kuunguza fyuzi.

Usilitupe boksi la chujio la hewa ili kupata ile nafasi tupu chini ya siti. Vichujio vidogo vya wazi vinaifanya injini iungue kavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, hadi ubadilishe jeti ya kabureta, na kwa vumbi letu injini inakula mchanga. Acha pia kipande cha madigadi cha ndani kati ya tairi na boksi. Bila hicho, mvua za Desemba hadi Aprili zinajaza tope hadi kwenye betri.

Chumvi ndiyo inayoua mikia ya Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko, na inaanzia ndani. Kwa upinde wowote, mimina oili kidogo ndani ya bomba, zungusha, imwage, kisha toboa tundu la mm 3 mahali pa chini kabisa ili maji yatoke. Nje weka redi oksaidi mara mbili kabla ya rangi, na mshono uachie rangi nyembamba, usiuzike kwa pati, kwa sababu utahitaji kuuona.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, vua siti. Pangusa kila kiungo, paka mafuta ya taa kwa kitambaa, subiri dakika 15, kausha kabisa, halafu paka chaki nyeupe iliyolowekwa kwenye spiriti. Chaki ikikauka, tazama pembeni mwa mshono, juu na chini. Mahali palipo na ufa, mafuta ya taa hurudi juu na kuchora mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ukiuona, usiuzibe kwa juu. Uusage hadi mwisho wake, toboa tundu la mm 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, ndipo uchome upya. Rudia kipimo hicho kila unapobadilisha oili.